Benchi la Wazazi

"Ni Alhamisi tena?" Erastus aliuliza, ingawa siku aliijua kuliko mtu yeyote pale machimboni.

"Ni Alhamisi, bwana nyapara," Nzioka alijibu. Kofia yake alikuwa ameivua na kuishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Na huyo mtoto wako? Hata 'maji' hajasema?"

"Hajasema."

"Huko Thika wanampa dawa gani? Sindano?"

Nzioka aliangalia viatu vyake. Jibu alikuwa nalo, na alijua jinsi litakavyopokewa. "Wanampa udongo. Anauchezea."

Vibarua waliokuwa wakinoa patasi karibu na kibanda waliacha kunoa.

"Udongo!" Erastus alisema. "Jameni, mtu anatoka Ruiru mpaka Thika kutafuta udongo! Si tunaukanyaga hapa? Mlete, tumpe toroli mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni."

Wakacheka. Nzioka naye akacheka, kwa kuwa mtu anayeomba ruhusa hucheka. Erastus alipoona wamecheka vya kutosha, alitupa mkono kuelekea barabarani. "Enda. Lakini kesho nikuone hapa kabla ya kengele."

Miezi mitatu nyuma Nzioka hakuwa mtu wa kuvua kofia ovyo. Alikuwa mpiga reli. Kipande cha reli kilining'inia kwenye mkaratusi ukingoni mwa shimo, na kabla ya baruti kuwashwa alikigonga mfululizo ili watu wakimbie. Kisha alikaa chini akahesabu milio. Fundi akitega mashimo kumi na moja, Nzioka alingoja milio kumi na moja, ndipo akagonga reli mara moja: rudini. Hesabu ikipungua, hakuna kushuka mpaka muda mrefu upite. Lakini siku nyingine baruti mbili hulipuka pamoja na kutoa mlio mmoja mnene. Wachimbaji waliziita mapacha, na mpiga reli hodari alisifiwa kwa sikio lake la kutambua mapacha.

Siku ile Ndila, binti yake wa miaka saba, alikuwa amemletea chakula. Shuleni walikuwa wamefundishwa kuhesabu, naye akahesabu kwa vidole pamoja na baba yake. "Baba, ni kumi," alisema. "Ule wa mwisho ni mapacha," Nzioka alimwambia. Erastus alikuwa akipiga kelele kwamba malori yanangoja. Nzioka akagonga reli mara moja. Kaleli, ndugu wa mkewe, ndiye aliyetangulia kushuka, kwa sababu alikuwa mwepesi wa miguu na alipenda kuchagua jiwe zuri kabla ya wengine. Baruti ya kumi na moja ililipuka alipoikaribia.

Kabla watu hawajafika, Nzioka alimvuta Ndila nyuma ya mkaratusi, akamshika mabega. "Usiseme kitu. Umenisikia? Usiseme." Na afisa wa kazi, Mzungu mwenye daftari, alipokuja kuuliza, Nzioka alimwambia kwamba reli haikuwa imelia, kwamba Kaleli hakungoja. Erastus, ambaye angeulizwa habari za malori yake, alisema vivyo hivyo. Waliosikia reli walikuwa wachache, na kila mmoja wao alikuwa na kibarua cha kulinda. Kalondu, mke wa Nzioka, alizika ndugu yake akiamini kwamba aliuawa na haraka yake mwenyewe.

Ndila alikuwa mtoto mtiifu. Tangu siku hiyo hakusema kitu, si cha reli, wala cha maji, wala cha chakula. Mwalimu alimrudisha nyumbani. Mtoto asiyejibu, alisema, hawezi kuhesabiwa darasani. Wamlete siku atakapofungua mdomo.

---

Zahanati ya misheni ilikuwa nyuma ya stesheni ya Thika. Wagonjwa waliketi uani. Wazazi wa watoto wa Alhamisi waliketi barazani, kwenye benchi lisilo na mgongo. Asubuhi hiyo kulikuwa na mwanamke mmoja tu mbele yao, Mbithe, aliyekuwa na mtoto mchanga mwenye kikohozi na aliyekuja kukaa pale kwa sababu ya kivuli.

"Huyu wenu anaumwa wapi?" aliuliza.

"Haumwi," Kalondu alisema.

"Haumwi na amekuja hospitali?"

"Hasemi."

"Yii! Alizaliwa hivyo?"

"Hapana. Alikuwa akiongea mpaka usingizini."

Mbithe alimtazama Ndila juu mpaka chini, kama mtu anayetaka kununua. Kisha akamwinamia Kalondu na kupunguza sauti, lakini haikupungua vya kutosha. "Mwaitu, mama, nikuambie kama dada yangu. Hii si ya hospitali. Kuna mtu nyumbani kwenu ana jambo. Mtoto hafungwi mdomo na upepo."

Nzioka aliinuka. Akaenda kusimama mbele ya tangazo la kuonya juu ya nzi lililobandikwa ukutani, akalisoma kwa makini, yeye ambaye hakujua kusoma ila jina lake.

Maneno ya namna hiyo Kalondu alikuwa ameshayazoea. Wanawake wa laini, zile nyumba za vibarua, walimwambia ampe mtoto maziwa ya mbuzi mweusi, walimwambia amshtue kwa maji baridi. Jambo moja walikubaliana wote: asilie mbele ya mtoto. Kwa hiyo kwa miezi mitatu Kalondu alikuwa akimlilia ndugu yake chooni, kidogo kidogo, kama mtu anayeiba sukari. Akitoka alinawa uso na kuanza kufua. Alifua nguo zilizofuliwa jana. Shuka la Ndila lilikuwa limeanza kuchanika kwa kufuliwa.

Mlango ulifunguliwa, muuguzi Warigia akatoka na kumpa Ndila mkono. Alikuwa msichana wa upande wa Kiambu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Daktari mmoja wa watoto alikuwa amemfundisha kwamba kuna mambo mtoto hawezi kuyasema lakini anaweza kuyafinyanga. Wauguzi wenzake walimwita Sista wa Udongo, naye alijifanya hajui.

Mlango ukafungwa. Nzioka na Kalondu wakabaki kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja ikiwa wazi katikati yao.

---

Wiki zote zilizopita, nusu saa ilipokwisha Warigia alimtoa mtoto nje, akasema "Vizuri, tuonane Alhamisi," basi. Safari hii aliwaita wote ndani. Mezani kulikuwa na vikombe vitatu vya chai. Ndila alikuwa kwenye kona, amewapa mgongo, bado akifinyanga.

"Kunyweni chai kwanza," Warigia alisema.

"Sista, hatukuja kunywa chai," Nzioka alisema.

"Najua, baba Ndila. Lakini wiki tisa nzima nimewaacha pale nje kama mizigo ya stesheni. Nilikosa." Alikuwa akizungumza na vikombe, maana wazazi hawa walikuwa wamemzidi umri. "Nilifundishwa kumtazama mtoto. Nikawasahau wanaomleta. Mama Ndila, unalala usiku?"

Kalondu alimtazama mumewe kwanza. "Kidogo."

"Na ndugu yako, ulimlilia?"

"Niliambiwa nisilie mbele ya mtoto."

"Na nani?"

"Na kila mtu."

Warigia alizungusha kikombe chake. "Hata mimi mwanzoni ningekuambia hivyo. Lakini nimemwona anavyokutazama uso. Anatafuta kitu na hakioni. Pengine anafikiri kwenu hakuna ruhusa ya kuhuzunika."

Kalondu aliweka chai mezani polepole ili isimwagike. Alitaka kujibu kwa adabu, kwamba ahsante, kwamba watajaribu. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, kisha sauti ikatoka, nene, isiyokuwa yake, na akalitaja jina la Kaleli mara mbili. Hakuna aliyemnyamazisha. Kwenye kona Ndila aliacha udongo. Akaja, mikono ikiwa michafu, akaegemea goti la mama yake. Hakuwa amefanya hivyo tangu mazishi.

Walikaa hivyo mpaka kilio kikapungua chenyewe.

"Na wewe, baba Ndila?" Warigia aliuliza.

"Mgonjwa ni mtoto, Sista."

"Mtoto ninakaa naye nusu saa kwa wiki. Saa zilizobaki zote yuko na nyinyi. Dawa yangu ni ndogo sana kama nyinyi hampati nafuu."

"Mimi niko sawa."

Warigia alileta ubao wa udongo na kuuweka mezani. Palikuwa na shimo lililochimbwa kwa kidole, watu wadogo ndani yake, na kijiti kilichosimamishwa ukingoni kama mti. Chini ya kijiti alisimama mtu mkubwa, na karibu naye mtu mdogo. Kando kulikuwa na kopo la bati.

"Kila Alhamisi anatengeneza hivi hivi," alisema. "Kisha anachukua udongo kidogo anamziba mdomo huyu mdogo. Leo ameongeza. Amemziba na huyu mkubwa. Mimi sijui maana yake na sitaki kukisia. Pengine nyinyi mnajua."

"Hapana," Nzioka alisema upesi.

Kalondu alikuwa akilitazama kopo. "Hili la nini?"

"Analigonga."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Kila wiki ni mara moja tu, halafu anaziba masikio."

Kalondu alifuta uso kwa ncha ya leso. Alikuwa ameishi kwenye laini za machimbo miaka minane. Hakuuliza tena. Alimshukuru Sista, akamsafisha mtoto mikono, akatoka.

---

Lori la mawe lililowarudisha Ruiru lilikuwa likiondoka saa tisa. Siku nyingine walingojea stesheni. Leo Kalondu alipita stesheni bila kusimama, akashuka mpaka mto Chania, kwenye majani yaliyo chini ya ile hoteli ya Wazungu, ambapo maji huanguka kwa kishindo. Nzioka alifuata nyuma na mtoto.

"Mara moja ni rudini," Kalondu alisema alipokwisha kuketi.

Maji yalikuwa na kelele. Nzioka angeweza kujifanya hakusikia, na kwa muda alijifanya. Aliokota kijiti akakivunja, akavunja tena vile vipande. Kisha akasema kitu, akiyatazama maji.

"Sikusikia," Kalondu alisema. "Sema tena."

Alikuwa amesikia.

"Nilipiga," Nzioka alisema kwa nguvu. "Nilipiga reli. Zililia kumi nikafikiri ni mapacha. Kaleli alishuka kwa sababu nilimwita."

Baada ya hapo mengine yalitoka yenyewe: Erastus na malori, afisa na daftari lake, yale aliyomwambia mtoto nyuma ya mkaratusi. Kalondu alisikiliza akiwa ameshika nyasi kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeogopa kuteleza mtoni.

Nzioka alipomaliza alipiga magoti mbele ya binti yake. "Ulihesabu sawa," alimwambia. "Zilikuwa kumi. Uliniambia ukweli, mimi sikukusikiliza. Halafu nikakukataza kusema. Sasa nimeliondoa katazo hilo. Sema, mama. Sema lolote."

Ndila alimtazama kwa muda mrefu. Nzioka alikuwa ameukazia macho mdomo wa binti yake, na wake mwenyewe ulikuwa umefunguka kidogo, kama wa mtu anayemlisha mtoto uji. Ndila akainama, akaanza kujifunga kamba ya kiatu.

"Nimesema," Nzioka alimgeukia mkewe. "Nimesema yote! Mbona hasemi?"

"Kumbe ulikuwa unabadilishana," Kalondu alisema. "Umetoa maneno ili upewe maneno."

"Si ndivyo Sista..."

"Sista hakukuambia hivyo. Ndugu yangu amelala chini akiitwa mjinga. Mama yangu akienda sokoni anaambiwa, pole, mwanao alikuwa na haraka. Na wewe umekuja kunong'ona hapa penye maji, halafu unataka mtoto akushukuru?"

"Kalondu, nikisema watanifukuza. Pengine jela."

"Pengine."

"Basi nitatuma wazee kwa mama yako Jumapili. Unajua mkwe haendi na jambo kama hili peke yake."

"Wataenda na mbuzi na methali. Jambo litazungushwa mpaka lisionekane tena." Alisimama, akajikung'uta majani. "Basi la kwetu Tala linaondoka saa nane."

"Erastus amesema kesho asubuhi..."

"Basi nenda kwa Erastus," Kalondu alisema, akamshika Ndila mkono.

Mama na mtoto walipanda kilima bila kutazama nyuma. Walikuwa wamekwisha kuketi ndani ya basi Nzioka alipoingia. Alikaa kiti cha nyuma yao. Njia nzima, kupita mashamba ya mkonge na mlima Kilimambogo, Kalondu hakumgeukia. Mara moja tu alifuta machozi, waziwazi, na Ndila akamtazama akiyafuta, kisha akalaza kichwa mapajani pake.

---

Jua lilikuwa bado juu ya miti walipofika kwa Mukonyo, mama yake Kalondu. Nyumba ilikuwa nyuma ya ua wa minyaa, na njia ya mtoni ilipita karibu na lango. Moshi ulitoka jikoni. Bibi kizee alikuwa ndani akipasua kuni.

Nzioka alisimama langoni. Kwa Wakamba mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na akiwa na neno hulituma kwa mwingine. Tangu aoe, Nzioka hakuwa ameongea na Mukonyo hata mara tano.

"Ingia umwambie," alimwomba mkewe.

"Maneno ni yako."

Nzioka aliinamisha macho kwa Ndila. Watoto ndio huwa wajumbe wa wakwe.

"Hapana," Kalondu alisema kabla Nzioka hajafungua mdomo. "Huyu amebeba vya kutosha."

"Siwezi kusema naye. Ni mama mkwe."

"Basi mpe mgongo useme."

Nzioka akageuka. Alikuwa ametaka kuficha uso kwa heshima, lakini alipogeuka akajikuta akiitazama njia ya mtoni. Wanawake watatu walikuwa wakipanda na mitungi mgongoni, na mzee mmoja alikuwa akirudisha ng'ombe. Walimtambua, wakapunguza mwendo ili wamwamkie. Alivua kofia. Hakuna aliyekuwa amemwambia aivue.

"Mama," alipaza sauti, macho yakiwa kwa wale watu. "Ni mimi Nzioka."

Kuni zikaacha kupasuliwa.

"Nilikudanganya. Niliwadanganya nyote mazishini. Reli ililia. Mimi ndiye niliyeipiga. Baruti zilikuwa kumi na moja, zikalia kumi, na mtoto huyu akaniambia ni kumi, nikamkataa. Nilipiga reli Kaleli akashuka."

Mwanamke mmoja alitua mtungi wake chini. Mzee alisimama, ng'ombe wakaendelea bila yeye.

"Kalondu," sauti ikatoka jikoni.

"Mama."

"Ni mume wako huyo?"

"Ni yeye."

"Muulize. Mwanangu alingoja?"

Kalondu hakumuuliza. Nzioka alikuwa amekwisha kusikia. "Alingoja, mama," alisema, kisha akaanza upya. "Alingoja vizuri. Alingoja mpaka nikamwita."

Kuku alitoka jikoni akiwa na vifaranga, akapita kati ya miguu ya Nzioka. Wale wa njiani hawakuondoka. Nzioka hakujua mtu aliyekwisha kusema jambo kama hilo anatakiwa kusimama pale kwa muda gani, au aende wapi.

"Asiingie," Mukonyo alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyeamshwa. "Mwambie asiingie. Leo siwezi kumwona. Kesho awaambie wazee wote, kama alivyosema sasa, neno kwa neno. Na huyo Mzungu wa daftari pia."

"Atawaambia," Kalondu alisema.

"Nitawaambia," Nzioka alisema.

Ukuni mmoja ulipasuka chini ya shoka. Kisha mwingine. Baada ya huo wa pili bibi kizee akauliza, kama ambavyo angeuliza siku yoyote ile:

"Mtoto amekula?"

Kalondu alifungua mdomo ili ajibu.

"Bado, nyanya," Ndila alisema.

Nzioka hakugeuka. Alisikia sauti hiyo ikipita nyuma ya mgongo wake, ikiwa na mikwaruzo kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, ikielekea jikoni wala si kwake. Na hatua ndogo zikaifuata, zikikimbia.